KUBADILISHA MASEGA YA BOMBA LA MOSHI KATIKA GARI ZA ZAMANI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Gari nyingi zinazotembea katika barabara za Unguja na Pemba zilitumika kwanza nchini Japani kabla ya kuletwa Visiwani. Gari hizo, zikiwa ni za petroli, huundwa pamoja na kifaa cha kusafishia moshi, ambacho hufungwa katika bomba la moshi baina ya injini na silensa. Mafundi hukiita kifaa hicho masega, kwa kuwa ndani yake mna vijitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Gari inapozeeka, masega nayo huchoka, huvunjika au huziba. Hapo mwenye gari hulazimika kuamua moja kati ya mambo matatu: kuyabadilisha, kuyaacha yalivyo, au kuyatoa na kubakisha bomba tupu.

Makala haya yanaeleza kazi ya masega, dalili za ubovu wake, utaratibu wa kuyabadilisha nyumbani kwa usalama, na madhara ya kuyatoa bila ya kuweka mengine. Ieleweke tangu mwanzo kuwa maelezo haya yanahusu gari binafsi. Gari ya Serikali ni mali ya umma, na matengenezo yake hufuata utaratibu wa ofisi inayohusika. Haifai dereva au mtumishi kuifungua nyumbani kwake, hata akiwa ana ujuzi wa kazi hiyo.

KAZI YA MASEGA

Petroli inapoungua ndani ya injini, haiungui yote. Moshi unaotoka huwa na sumu za aina tatu. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na humuua mtu bila ya yeye kutambua. Ya pili ni mabaki ya petroli ambayo hayakuungua. Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni, ambazo huwasha mapafu na kuwadhuru khasa watoto, wazee na wenye maradhi ya pumu.

Ndani ya ganda la chuma la masega mna tofali la kauri lenye vijitundu vyembamba. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani, nayo ni platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo ni kichocheo: huwezesha sumu zilizotajwa zigeuke kuwa kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na naitrojeni, na yenyewe hayapungui kwa kazi hiyo. Kazi huanza pale joto linapofikia kiasi cha nyuzi 300 za Selsiasi. Gari inapotembea kwa kawaida, joto la ndani huwa baina ya nyuzi 400 na 800. Likipindukia nyuzi 1,000, kichocheo huanza kuharibika, na likizidi sana kauri yenyewe huyeyuka.

Ili masega yafanye kazi ipasavyo, mchanganyiko wa hewa na petroli hauna budi kuwa sawa, yaani takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Sensa ya oksijeni iliyofungwa katika bomba la moshi ndiyo inayoiarifu kompyuta ya injini iwapo petroli imezidi au imepungua. Sensa hiyo ikifa, masega nayo hayachukui muda mrefu.

Kifaa hiki kilianza kuwekwa kwa wingi katika gari za Marekani za mwaka 1975, na Japani ikaweka masharti makali ya moshi mwaka 1978. Adui yake mkubwa alikuwa risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli, kwani risasi huyafunika madini yale na kuyafisha. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo, na ikaondoka sokoni kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Gari iliyoingia nchini kabla ya hapo na kutiwa petroli ya risasi kwa miaka kadhaa huenda ikawa bado imebeba masega yake ya asili, lakini yaliyokwisha kufa zamani.

DALILI ZA UBOVU

Masega huharibika kwa njia tatu, na kila njia ina dalili zake.

Yakiziba, moshi hukosa pa kupitia. Gari huwaka vizuri asubuhi, lakini ikipata moto hukosa nguvu, hushindwa kupanda mlima na mwisho huzima. Bomba chini ya gari huweza kuonekana jekundu wakati wa usiku.

Yakivunjika, vipande vya kauri hugongana ndani ya ganda. Injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa, masega yakigongwa kwa ngumi au nyundo ya mpira husikika mlio wa kokoto ndani ya kopo.

Yakifa bila ya kuziba wala kuvunjika, gari hutembea kama kawaida, ila moshi wake huwasha macho na pua. Gari zenye sensa mbili, moja kabla na moja baada ya masega, huwasha taa ya injini katika dashibodi. Gari za Kijapani za miaka ya 1970 hadi ya 1990 nyingi zina taa nyengine ya onyo, iliyoandikwa kwa Kijapani, inayowaka joto la masega linapozidi. Wapo wenye gari wasioijua maana yake, wakaendelea kutembea nayo ikiwaka. Taa hiyo ikiwaka, gari isimamishwe mahali pasipo na majani makavu na injini izimwe.

Harufu ya mayai viza si hoja peke yake kuwa masega yamekufa. Mara nyingi hutokana na petroli kuzidi katika mchanganyiko, au petroli yenyewe kuwa na salfa nyingi.

Kipimo cha kuaminika cha kuziba ni kupima msukumo wa moshi. Sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega hufunguliwa, na mahali pake hufungwa geji ya msukumo. Injini ikiwa imepata moto na inaunguruma bila ya kukanyagwa mafuta, msukumo usizidi takriban kilopaskali 10, yaani pauni 1.5 kwa inchi ya mraba. Mizunguko ikipandishwa kufika 2,500 kwa dakika, usizidi kilopaskali 20 au pauni 3. Ukizidi hapo, kuna kizuizi katika bomba. Mafundi wengi wana geji hiyo, na gharama ya kupima ni ndogo kuliko ya kununua masega yasiyohitajika. Izingatiwe pia kuwa silensa iliyooza ndani huweza kuziba na kutoa dalili hizo hizo.

CHANZO KITAFUTWE KWANZA

Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linalowatia watu hasara mara mbili. Masega hayana kitu kinachozunguka wala kusuguana, na katika gari nzima huweza kudumu kilomita 150,000 na zaidi. Yakifa mapema, ni kwa sababu kuna kitu chengine kimeyaua. Mwenye gari akifunga mapya bila ya kukiondoa chanzo hicho, mapya nayo yatakufa, pengine katika muda wa wiki chache.

Vyanzo vinavyotokea mara nyingi ni hivi:

(a) Plagi, waya au koili mbovu. Silinda isipowaka, petroli yake mbichi huingia katika masega na kuungua humo. Joto hupanda ghafla na kauri huyeyuka. Injini inayotetemeka au kukosa silinda moja isiendelee kutembezwa kwa matumaini ya kutengenezwa mwisho wa mwezi.

(b) Petroli kuzidi, kutokana na nozeli zinazovuja, sensa ya oksijeni iliyokufa, chujio la hewa lililoziba, au kabureta isiyopimwa vizuri katika gari za zamani zaidi. Dalili yake ni moshi mweusi na plagi zenye masizi.

(c) Injini kula oili. Ringi za pistoni au sili za valvu zikichakaa, oili huingia katika moto, moshi huwa wa bluu, na majivu yake hufunika kauri.

(d) Maji ya rejeta kuingia katika silinda kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi kuungua. Moshi huwa mweupe na mwingi hata injini ikiwa moto, na maji hupungua katika rejeta bila ya kuonekana yanapovujia.

(e) Kugongwa na mawe katika njia zisizotiwa lami, au kupitisha gari yenye moto katika dimbwi kubwa wakati wa masika. Kauri iliyo moto ikipozwa ghafla hupasuka.

KUCHAGUA MASEGA

Kabla ya kununua, mwenye gari aandike namba ya chesisi, namba ya injini na mwaka wa gari, kisha apime urefu wa masega ya zamani, upana wa bomba, na nafasi za matundu ya bolti na ya sensa. Gari mbili zenye jina moja huweza kuwa na injini tofauti na masega yasiyolingana.

Masega ya kufungwa kwa bolti ndiyo yanayofaa kwa kazi ya nyumbani. Yale ya kuchomelea hayana budi kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Gari inapochomelewa kwa umeme, waya za betri zifunguliwe, na waya wa kurudisha umeme ubanwe karibu na panapochomelewa, ili umeme usipitie katika kompyuta ya gari.

Wanaonunua yaliyotumika wayaangalie kwa tochi kutoka upande mmoja hadi mwengine. Vijitundu viwe wazi, vyenye rangi ya kijivu au kahawia hafifu, bila ya masizi mazito, alama za oili wala sehemu iliyoyeyuka. Ganda likitikiswa lisilie. Ganda lililo jepesi kupita kiasi, au lenye alama ya kukatwa na kuchomelewa upya, huenda likawa tupu ndani.

VIFAA VYA KAZI

Vinahitajika jeki, stendi mbili au nne za chuma za kuegemezea gari, vizuizi vya magurudumu, seti ya boksi spana, spana ya sensa ya oksijeni ambayo kwa gari nyingi ni ya milimita 22, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, gasketi mpya, bolti na nati mpya, glovu, miwani ya kukinga macho na tochi. Gasketi na nati za zamani zisirudishwe. Thamani yake ni ndogo, na kazi nzima hutegemea uzima wake.

UTARATIBU WA KAZI

(1) Usiku wa kuamkia siku ya kazi, nati zote na shina la sensa zipakwe mafuta ya kulegeza kutu. Hewa ya chumvi ya Visiwani huzigandisha nati za bomba la moshi kuliko za sehemu nyengine yoyote ya gari, na subira ya usiku mmoja huokoa bolti isikatike.

(2) Gari iwekwe mahali tambarare na pagumu, nje, palipo wazi. Isiwekwe juu ya mchanga. Iachwe saa kadhaa hadi bomba lipoe kabisa. Breki ya mkono ivutwe, magurudumu yanayobaki chini yazuiwe, na waya hasi wa betri ufunguliwe.

(3) Gari inyanyuliwe kwa jeki mahali palipoelekezwa na kiwanda, kisha iegemezwe juu ya stendi. Mtu yeyote asiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Matofali na vipande vya mawe ya matumbawe havifai kuwa stendi, kwani hupasuka ghafla bila ya kutoa ishara. Kabla ya kuingia chini, gari isukumwe kwa mkono kuhakikisha haichezi. Watoto wawekwe mbali, na awepo mtu mzima wa pili karibu muda wote wa kazi.

(4) Soketi ya waya wa sensa ichomolewe, kisha sensa ifunguliwe kwa spana yake. Kama kuna sensa ya joto, nayo itolewe kwa uangalifu na iwekwe pasipo na vumbi wala oili. Kingao cha bati kinachozuia joto lisifike sakafuni mwa gari kifunguliwe na kihifadhiwe.

(5) Bomba la nyuma lishikiliwe kwa kigogo au jeki ya pili, lisining'inie. Nati ifunguliwe kwa boksi spana yenye pembe sita, kwani yenye pembe kumi na mbili hula kona za nati iliyooza. Nati isiyokubali ikazwe kidogo kwanza ili kuvunja kutu, kisha irudishwe kinyume. Moto wa gesi usitumike nyumbani. Mabomba ya petroli na ya breki hupita karibu na bomba la moshi katika gari nyingi.

(6) Masega ya zamani yashushwe kwa mikono miwili, kwani ni mazito. Yasikatwe wala kuvunjwa kutazamwa ndani. Vumbi la kauri na la nyuzi zinazoizunguka hudhuru mapafu.

(7) Nyuso za mabomba zisafishwe kwa brashi hadi zibaki chuma kitupu, na vipande vya gasketi ya zamani vitolewe vyote. Kama masega yalikuwa yamevunjika, bomba la nyuma na silensa vikaguliwe, kwani vipande vya kauri huingia humo na kuziba upya. Mipira inayoning'iniza bomba ikiwa imepasuka, ibadilishwe.

(8) Masega mapya yapandishwe pamoja na gasketi mpya. Mshale uliochorwa katika ganda uelekee nyuma ya gari, yaani kule moshi unakokwenda. Nati zote zianzishwe kwa mkono, bomba linyooshwe lisiguse sakafu wala ekseli, kisha nati zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, hadi kiwango kilichotajwa katika kitabu cha gari. Kukaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwengine huipinda gasketi, na moshi utavuja.

(9) Sensa irudishwe. Meno yake yapakwe kidogo mafuta maalumu ya kuzuia kuganda, lakini ncha yake isiguswe na mafuta yoyote. Sensa nyingi hukazwa kwa nyutoni mita 40 hadi 50. Gundi ya silikoni isitumike popote katika bomba, kwa kuwa mvuke wake huua sensa na masega. Waya ufungwe mbali na bomba, na kingao cha bati kirudishwe mahali pake.

(10) Gari ishushwe, betri irudishwe, na injini iwashwe hapo hapo nje. Isiwashwe katika banda wala chumba, hata kwa dakika chache. Mlio wa kupuliza au masizi katika maungio ni dalili ya kuvuja. Moshi kidogo na harufu ya kuungua katika dakika za mwanzo ni mafuta ya kiwandani yanayokauka, na huisha. Baada ya gari kutembea na kupoa tena, nati zote zikaguliwe mara ya pili.

Ikiwa bolti itakatika ndani ya manifoldi, au bomba litaonekana limeoza kiasi cha kutoboka, kazi isimamishwe na fundi aitwe. Hakuna aibu katika kusimama hapo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya manifoldi mpya.

KUTOA MASEGA NA KUBAKISHA BOMBA TUPU

Wapo wanaoshauri masega yavunjwe na kutolewa ndani ya ganda, kwa hoja kuwa gari hupata nguvu. Ni kweli kwamba gari iliyokuwa imeziba itapata nafuu. Lakini nafuu hiyo inatokana na kuondoka kwa kizibo, na masega mazima yangeileta vile vile. Katika gari nzima, masega hayaibi nguvu inayohisika katika safari za kawaida.

Madhara yake ni makubwa. Sumu zote tatu hutoka bila ya kupunguzwa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mbele ya milango ya skuli, na katika vituo vya daladala, moshi hutoka usawa wa pua ya mtoto. Bomba lililofunguliwa kiholela aghalabu huvuja, na sumu huingia ndani ya gari kupitia matundu ya sakafu, khasa gari inaposimama ikiwa inaunguruma. Abiria wakipatwa na kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya gari, madirisha yafunguliwe, injini izimwe, na wote watoke mara moja.

Mwenye gari aelewe pia kuwa yaliyomo katika ganda lile yana thamani. Anayeambiwa kuwa takataka za masega yake ziachwe gereji ana haki ya kuuliza zinakwenda wapi, na kuzichukua. Madini yake huyeyushwa na kutumiwa tena, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanalifahamu hilo vyema.

MATUNZO BAADA YA KAZI

Gari iliyotoka safari isiegeshwe juu ya majani makavu, makumbi au makuti, kwani masega yenye moto huweza kuyawasha hata injini ikiwa imezimwa. Isioshwe chini kwa maji baridi kabla ya kupoa. Gari isiyowaka isisukumwe mara nyingi mfululizo, kwa kuwa kila jaribio lisilofanikiwa hupeleka petroli mbichi katika masega. Oili na plagi zibadilishwe kwa wakati, na taa ya onyo ikiwaka ishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Wananchi na watumishi wenye gari za zamani wanakumbushwa kuwa kazi iliyoelezwa hapa huweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye vifaa na subira, lakini si na mtu mwenye haraka. Asiye na stendi za chuma, au asiyekuwa na uhakika na hatua yoyote, apeleke gari kwa fundi anayemwamini, na aombe akabidhiwe masega ya zamani pamoja na stakabadhi ya mapya.